Muulize Fundi: Treni za mfano kutoka minada ya mtandaoni

Toleo lililopita nilieleza namna ya kusafisha mota ya treni ndogo ya Lima, kampuni ya Italia, ambayo mteja wangu aliipata kwenye nyumba ya Waitaliano waliokuwa wakihama hapa Malindi. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa, na karibu zote zinaulizia kununua: mabehewa ya kuongeza, kichwa kingine cha treni, reli. Madukani kwetu vitu hivi havipo. Viko kwenye minada ya mtandaoni ya Uingereza, Italia na Ujerumani, tena vya mtumba kwa wingi, na huko ndiko watu wanakopotezea pesa. Leo ukurasa wote ni wa jambo hilo.

Fundi, hujambo. Nina reli na kichwa kimoja cha Lima, vinatembea vizuri. Kwenye mnada wa Uingereza nimeona kichwa cha Hornby, bei imefika pauni 22, na muuzaji ameandika kwamba hakijajaribiwa. Kuna na cha Märklin, bei yake iko chini zaidi. Vyote vitapita kwenye reli zangu? — Mwalimu, Muyeye, Malindi

Sijambo, Mwalimu. Cha Hornby, kampuni ya Uingereza, kitapita. Cha Märklin, kampuni ya Ujerumani, kiache.

Reli yako ina upana wa milimita 16.5 kutoka chuma hadi chuma. Huo ndio upana wa HO, yaani treni halisi iliyopunguzwa mara 87. Waingereza wanatumia upana huo huo kwa OO yao, ambayo imepunguzwa mara 76. Kwa hiyo kichwa cha Hornby kitateleza bila shida, ila ukikifunga na mabehewa ya Kiitaliano utaona kimekuwa kinene kuliko wenzake. Wako wasiojali. Mimi jicho langu halitulii, ndiyo maana nimebaki na HO.

Märklin upana wake ni ule ule, lakini umeme ni mwingine. Lima na Hornby za kawaida zinatumia DC, umeme wa mkondo mmoja, ya volti 12, chuma kimoja chanya na cha pili hasi. Märklin ya HO kwa asili ni ya AC, mkondo geu, na umeme unaingia kupitia vidoto vya chuma vilivyopangwa katikati ya reli, ambavyo vinaguswa na kiatu kirefu kilicho chini ya tumbo la kichwa. Magurudumu yake ya kushoto na kulia hayajatenganishwa, kwa sababu vyuma vyote viwili vya pembeni ni njia moja ya kurudisha umeme. Ukikiweka kwenye reli yako utapiga shoti papo hapo. Hata jina la Hornby lenyewe lichunguze. Zile za Hornby Dublo, zilizoanza kuuzwa 1938, zilikuwa za vyuma vitatu mpaka 1959 zilipotoka za vyuma viwili. Ni nzito, zimetengenezwa kwa moyo, lakini za kabla ya mwaka huo hazikufai.

Sasa hilo la kutojaribiwa. Mtu anayejua treni ana betri ya volti 9 kwenye mtoto wa meza. Anagusisha waya mbili kutoka kwenye betri hadi magurudumu ya kushoto na ya kulia, mota inazunguka au haizunguki. Ni kazi ya nusu dakika. Muuzaji mwenye treni mia ukurasani kwake, zote hazijajaribiwa, mimi huelewa kwamba zilijaribiwa zikakataa. Yuko muuzaji wa namna nyingine, anayeondoa vitu vya nyumba ya marehemu: juzi sahani, jana viatu, leo treni. Huyo kweli hajui, na kwake ndiko vinakopatikana vitu vizuri kwa bei ya chini. Pitia vitu vyake vingine anavyouza, utajua mara moja uko na nani kati ya hao wawili. Halafu mwandikie kwa adabu umwombe picha ya tumbo la kichwa, na umwelekeze jaribio la betri. Watu wengi wa nyumba za marehemu watakujibu, tena kwa furaha, kwa sababu wanataka kitu cha mzee wao kimfikie mtu anayekithamini.

Picha ya tumbo ni muhimu kuliko ya ubavuni. Mnunuzi wa mitumba pale sokoni hageuzi shati ndani nje kwa kupenda. Madoa na viraka viko huko. Tumboni utaona kama kuna kiatu cha Märklin, kama kuna nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli, kama mipira ya magurudumu imekauka au imekatika, na kama kuna skrubu zilizoliwa vichwa na fundi asiyekuwa na bisibisi sahihi.

Na utaona ugonjwa mmoja usio na dawa. Fremu nyingi za vichwa hivi zimemiminwa kwa mchanganyiko wa zinki. Zinki hiyo ikiingiwa na risasi kidogo kiwandani, miaka inavyokwenda chuma huvimba, hupasuka, kisha huwa chembechembe kama biskuti iliyoloa. Joto lenye unyevu huharakisha, na sisi hapa pwani tunalo mwaka mzima. Dalili pichani ni nyufa laini, fremu iliyopinda kama ndizi, au bodi ya plastiki isiyokaa sawa juu ya chasisi. Usidhani ni za zamani tu, kwani hata baadhi ya zilizotengenezwa miaka ya 2000 zimepatwa. Ukiona dalili hizo, Mwalimu, hata wakikupa kwa pauni 5 achana nacho. Gundi haishiki, na kipande cha badala mara nyingi hakipatikani.

Kuhusu hizo pauni 22: kitu ambacho hakijajaribiwa nakilipia bei ya kitu kibovu. Kikifika kikawa kizima, ni bahati yako. Ukilipa bei ya kizima, bahati yote umempa muuzaji.

Neno moja la nyongeza kwa mwenye Lima. Kiwanda chake kilikuwa Vicenza, Italia, na kampuni ilifilisika, mali na majina yake yakanunuliwa na Hornby mnamo 2004. Kwa hiyo mnada wa Italia umejaa Lima za kila aina, na wewe uko Malindi, mji ambao kijana wa hoteli na mama wa vinyago wote wanasoma Kiitaliano. Mpe mmoja wao akusomee maelezo ya muuzaji neno kwa neno. Mnunuzi wa Nairobi hana nafasi hiyo.

Assalaam alaykum Fundi. Mimi kila mnada naongoza mpaka dakika ya mwisho, halafu hutokea mtu akanipita kwa pauni moja tu. Ni kompyuta zinazotuchezea? — Kijana wa Langoni, Amu

Waalaykum salaam, kijana wangu. Hakukupita kwa pauni moja. Katika minada mingi ya aina hii kila mtu huandika dari lake, yaani bei ya juu kabisa anayoikubali, na dari hilo halionekani kwa wengine. Mtambo unampandishia hatua moja moja pale tu anapopingwa. Wewe umeandika 30, yeye akaja sekunde za mwisho akaandika 45. Bei inasimama 31. Wewe unaona pauni moja, kumbe kati yenu kuna pauni 15.

Kinachokuumiza ni kupanda kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Ukiweka 12, kesho 15, keshokutwa 19, unawatangazia wenzako kwamba kitu hiki kinatakiwa, na wewe mwenyewe unaanza kukiona ni chako kabla hujakilipia. Fanya hivi. Kwanza tafuta kitu kama hicho kwenye orodha ya vilivyokwisha kuuzwa. Minada mikubwa ina kichujio cha kuonyesha hizo. Bei aliyoiandika muuzaji kwa kitu ambacho hakijanunuliwa haikuambii lolote, na neno “adimu” kwenye kichwa cha tangazo puuza kabisa. Ukishajua vimekwenda kwa ngapi, toa nauli na ushuru, kinachobaki ndicho dari lako. Liandike mara moja, karibu na mwisho, usirudie.

Usiandike namba ya duara. Watu wawili wakiwa na dari sawa, aliyetangulia ndiye mshindi, na wengi huishia 40. Andika 41 na peni kadhaa.

Saa nayo ina mambo yake. Wauzaji wa Uingereza wanapenda kufunga minada Jumapili jioni. Saa mbili usiku ya kwao ni saa nne usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa tano usiku saa zao zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Kama umeme na mtandao wa Amu unauamini usiku huo, kaa uandike dakika ya mwisho. Kama huuamini, andika dari lako baada ya Magharibi ukalale. Dari la kweli halihitaji kusimamiwa.

Na ukiona mpinzani ambaye amejiunga juzi, anapandisha bei za muuzaji mmoja tu na hashindi kamwe, ondoka. Huenda ni muuzaji mwenyewe au ndugu yake, na kanuni za minada zinakataza.

Shikamoo Fundi. Shemeji yangu yuko Marekani, amenunua mnadani seti nzima ya HO pamoja na transfoma yake. Nichomeke tu? — Barani, Malindi

Marahaba, mwanangu. Treni tumia, transfoma usichomeke. Ile ni ya volti 120, soketi yetu ni volti 240. Itaungua, na inaweza kuanza na pazia lako. Nunua mpya ya volti 12 yenye kidhibiti cha mwendo. Hata zile za Uingereza ambazo volti zake zinakubaliana na zetu, kama ni za miaka ya 1960 au 1970 usizinunue. Waya zake zimevikwa mpira ambao sasa unakatika ukiupinda, na chombo hicho kitaguswa na mtoto. Hapo sina mjadala na mtu yeyote.

Fundi, mwanangu ana miaka tisa, anapenda treni na hajawahi kuiona. Nimeona fungu la mabehewa manane na reli, lakini muuzaji hatumi Kenya. Nifanyeje, na gharama zake ni zipi? — Mama wa Shela, Lamu

Dada yangu, umechagua vizuri. Mafungu ya mabehewa ndiyo ununuzi salama kuliko wote, kwa sababu behewa halina mota ya kufa. Tazama tu vifungio vya mbele na nyuma viwe vya aina moja, maana vya Kiingereza, vya Kimarekani na vya Ulaya bara havishikani vyote.

Reli za kwenye fungu hilo ndizo zinanitia wasiwasi. Muulize muuzaji kama ni za chuma au za nikeli-silva, ule mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Anaweza kujaribu kwa sumaku: ya chuma inanasa, nikeli-silva hainasi. Chuma kwa upepo wa Shela kitashika kutu kabla mwanao hajajifunza kuzipanga, na treni haitembei juu ya kutu. Ya shaba tupu nayo inafanya ukoko unaozuia umeme. Nikeli-silva hufifia tu, unaifuta kwa kitambaa chenye spiriti. Kama reli za fungu ni za chuma, hesabu kwamba hazipo. Unapotafuta nyingine chagua zile zinazoitwa Code 100, ambazo chuma chake kina kimo cha milimita 2.5, kwani magurudumu ya treni za zamani yana kingo ndefu, na kwenye reli za kimo kidogo zaidi yatagonga vifungo vya reli njia nzima.

Kuhusu kutuma, kwanza mwombe. Wengi huandika kwamba hawatumi nje kwa kuogopa usumbufu, na mtu akiwaandikia vizuri hukubali. Akikataa, tuma kwa jamaa aliyeko huko, au kwa kampuni za kusafirisha vifurushi zinazokupa anwani ya Uingereza na kuleta mzigo Nairobi au Mombasa kwa kilo. Pima uzito kabla ya kuweka bei: plastiki ni nyepesi, transfoma na vichwa vya chuma ndivyo vinavyokula pesa. Angalia pia kama tangazo linasema mnunuzi akachukue mwenyewe. Hayo ni ya watu wa karibu, na mara nyingi ndiyo maana bei yake inapendeza.

Forodha wanaziweka treni za mfano katika fungu moja na vitu vya kuchezea, namba 9503. Hesabu inaanza kwenye bei ya kitu pamoja na nauli na bima, siyo kitu peke yake. Juu yake unakuja ushuru wa forodha, ada ya tamko la uingizaji, tozo ya maendeleo ya reli, kisha VAT ya asilimia 16. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo viulize KRA wiki unayonunua. Nakuambia mapema kwa sababu fungu la pauni 30 linaweza kukufikia kwa gharama ya mara mbili, na si kwa sababu umeibiwa.

Lipa ndani ya mfumo wa mnada wenyewe. Kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inatosha. Muuzaji akikuomba umtumie pesa pembeni ili akupunguzie, hapo ulinzi wako wote umekwisha.

Kutoka Mombasa mzigo utakuja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti, na boti unazijua. Waambie wanaokufungia watie kila behewa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kisha sanduku ndani ya sanduku. Sponji ya zamani iliyomo kwenye visanduku vya awali itupwe, kwani ikizeeka huyeyuka na kuganda kwenye rangi. Ukifungua, rekodi video tangu utepe wa kwanza.

Fundi, babu yangu alifanya kazi reli ya zamani. Nataka kujenga kipande cha njia ya Mombasa na kichwa cha Garratt. Kipo mnadani? — Mwanafunzi, Malindi

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara nyingi. Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa treni za mizigo, Mombasa hadi Voi, na hizo Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke, alizitaja kwa majina yao. Daraja la 59 zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer, Peacock ya Manchester kati ya 1955 na 1956, kila moja imepewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, uzito wake tani 252. Moja, namba 5918 Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda ukaiguse kabla hujanunua hata skrubu moja, na uchukue picha na vipimo.

Njia ya zamani ina upana wa mita moja kamili. Ukiipunguza mara 87 unapata karibu milimita 11.5, na kwa kipimo hicho kuna reli za milimita 12 zinazoitwa HOm. Kwa hiyo usinunue HO ya 16.5 kwa kazi hii. Hiyo itakufaa siku utakapotaka kujenga njia ya Madaraka Express, maana milimita 1,435 ya SGR ikipunguzwa mara 87 ndiyo 16.5 hasa.

Reli za HOm utazipata mnadani kwa sababu Uswisi ina njia nyingi za upana wa mita moja, na kampuni ya Bemo hutengeneza treni za njia hizo. Peco ya Uingereza nayo hutengeneza reli za milimita 12. Garratt ya Afrika Mashariki iliyokamilika ni kitu cha mafundi wa shaba na wakusanyaji. Ikitokea, bei yake si ya mwanafunzi, na sitaki uiwekee dari kwa pesa ya karo.

Anza na mabehewa. Tafuta fungu la magari ya mizigo ya HOm ya Bemo, hata yaliyovunjika bodi, kwa ajili ya chasisi na magurudumu. Bodi jenga mwenyewe kwa kadibodi na plastiki kutoka kwenye vipimo vya Nairobi. Garratt ina sehemu tatu: tangi mbele na magurudumu yake, bwela katikati, tangi na makaa au mafuta nyuma na magurudumu yake. Maana yake unaweza kuisukuma kwa chasisi mbili ndogo zenye mota, na hizo ndizo za kuwinda taratibu, moja moja, kila moja na picha ya tumbo. Kichwa halisi kilizidi mita 30, kwa hiyo chako kitapita sentimita 34. Pima meza yako sasa.

Ukishapata chasisi ya kwanza ilete dukani kwangu. Tutaifungua pamoja.